Mwenye Kusaini Anapanda

Solange alikuwa mwoga wa ndege, na hilo halikuwa jambo dogo, maana alikuwa amezisomea miaka mitatu mizima. Kule Goma, kwenye chuo chao cha ufundi, aliweza kukuchorea bawa na kukuhesabia uzito linaoubeba bila kukosea hata nukta. Lakini ndege yenyewe, yenye mafuta na kelele na watu ndani, hakuwahi kuigusa. Ikipita juu ya paa la hosteli aliinamisha kichwa na kusubiri kelele ziishe.

Halafu vita vikaja, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, chuo nacho kikafunga milango, na kila mwanafunzi akarudi kwao. Solange alirudi Itebero kwa mama yake, na karatasi moja kwenye begi. Karatasi ile ilikuwa na muhuri wa chuo, na chini ya muhuri mstari mtupu wa jina na sahihi ya encadreur, yaani mhandisi atakayemshika mkono miezi mitatu ya stage, mafunzo ya kazini, kisha aseme kwamba kazi ameijua. Bila sahihi hiyo hakuna diploma. Na mhandisi wa ndege utamtoa wapi Itebero, ambako watu wanalima mihogo na kutembea siku mbili kutafuta barabara?

Mjomba wake ndiye aliyemwambia habari za Papa Barthélemy. Mzaliwa wa Pinga, alisema, aliyesomea kuunda ndege ng'ambo kwenye nchi za baridi, akafanya kazi Kinshasa mpaka kampuni ikafa, na sasa alikuwa anatunza kindege kimoja kinachotua barabarani upande wa Walikale, kwenye kipande cha lami kilichobaki kizima. Walisema ni mkali na hapendi kuulizwa maswali. Solange alitembea siku mbili, siku ya tatu akapanda pikipiki, akafika na matope mpaka magotini.

Alimkuta amelala chali chini ya ndege, miguu tu ikionekana.

"Papa Barthélemy, niko natafuta encadreur."

"Encadreur iko na bureau, iko na climatiseur ya kuleta baridi," miguu ikajibu. "Hapa hakuna. Rudia njia yako."

Hakurudi, kwa sababu hakuwa na nguvu za kurudi. Mwishowe mzee akatoka: mfupi, mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi wa nailoni. Alisoma karatasi mbele na nyuma, hata nyuma ambako hakukuandikwa kitu.

"Unaogopa avion?"

Jibu Solange alikuwa amelitayarisha njia nzima. Alikuwa amelisema kwa sauti peke yake msituni: hapana papa, siogopi. Lakini propela ilikuwa pale, ndefu kuliko yeye, na harufu ya mafuta ilimkaa kooni, na mdomo ukasema mambo yake wenyewe.

"Naogopa, papa. Sana."

"Ulishapanda?"

"Hata siku moja."

Mzee alikunja karatasi akamrudishia. "Bantu bane balikuja mbele yako. Bote banasema hawaogope. Muntu mwenye haogope, miye siwezi mupatia hata tournevis ya kufungua skrubu. Utalala kwa Mama Nyiraneza, nyumba ile ya mabati mapya. Kesho saa kumi na mbili uko hapa. Ila karatasi, siisaini."

"Juu ya nini, papa?"

"Utajua."

Ndivyo alivyompata mwalimu wake, kama kupata ni neno la haki kwa jambo kama hilo.

Kazi ya Papa Barthélemy ilikuwa na maneno mawili: gusa, sema. Huruhusiwi kutazama skrubu na kutikisa kichwa. Unaweka kidole juu yake na kuitaja kwa sauti, na hali yake, kana kwamba unamwelekeza kipofu. Skrubu ya kwanza, imekaza. Skrubu ya pili, imekaza. Mpira wa breki, mkavu. Ndege ilikuwa ndogo, ya injini moja, mabawa yake yamekaa juu, na kila bawa lilishikwa na nguzo ya chuma ya mshazari iliyoshuka mpaka ubavuni. Solange aliizunguka kila asubuhi akiongea peke yake kama mwendawazimu, na wauza ndizi wa kando ya barabara walimwiga na kucheka. Akiruka neno moja, mzee alimrudisha mwanzo. Hakumsifu hata mara moja. Siku aliyogundua waya uliochubuka, ulioguguniwa na panya, alisema tu, "Panya ilisoma mbele yako."

Sheria ya pili ilijulikana na kila mtu wa pale, mpaka wauza ndizi. Kabla ya kila safari mzee aliandika kwenye kitabu cha ndege, akasaini, akafunga kalamu, kisha akapanda mwenyewe na kukaa nyuma juu ya magunia. Kila safari, kwenda na kurudi. Abiria hawakuuliza habari za rubani wala mvua. Waliuliza, "Muzee amepanda?" Wakiambiwa amepanda, nao wanapanda.

"Mwenye kusaini anapanda," alimweleza Solange. "Hiyo njo inafanya mukono inakuwa muzito. Na ile karatasi yako ni vilevile. Nikisaini, nimesema weye ni ingénieur. Siku moja utatengeneza avion, na miye nitaombwa kuingia. Siko tayari kufa bado."

Hakucheka aliposema hivyo. Na kila kindege kilipopaa na mzee ndani, Solange alibaki barabarani akiyasikiliza mawingu, na hakula mpaka kirudi.

Wiki ya nne alimfundisha dawa.

Ufa unaoua, alisema, hauonekani kwa macho. Kule alikosoma kulikuwa na makopo ya kuutafutia, lakini makopo hayo hayafiki Walikale, kwa hiyo alijitengenezea. Mawese mekundu, yaliyoyeyushwa na mafuta ya taa mpaka yawe mepesi kama maji. Unayapaka kwenye chuma na kuyaacha muda wa bugali kuiva na kuliwa. Mekundu yanapenya popote penye mwanya, hata mwanya wa unywele. Unafuta chuma kiwe safi kabisa. Kisha chaki ya shuleni, iliyosagwa na kukorogwa na lutuku, pombe kali ya kienyeji, ili ikauke upesi, unaipaka juu mpaka chuma kiwe cheupe. Hapo unakaa na kungoja. Kama chuma ni kizima, cheupe kinabaki cheupe. Kama kina ufa, wekundu unarudi kutoka ndani na kujichora wenyewe.

"Chuma inatoka damu," mzee alisema. Ilikuwa mara yake ya pekee kusema kitu cha namna hiyo.

Dawa ile waliitumia alfajiri tu, nyuma ya turubai, na sababu Solange aliijua bila kuambiwa. Kwao Itebero babu yake, ambaye Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani, alipaka udongo mweupe kwenye kitu kilichofungwa kwa mila, na kitu hicho mtu hakukigusa tena. Pembe, waliuita udongo huo. Watu wakiona weupe umepakwa, hawangoji maelezo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwezi wa kumi, saa tano asubuhi.

Ndege ilirudi na kutua vibaya. Gurudumu la kushoto liliingia kwenye shimo lililochimbwa na mvua ya usiku ukingoni mwa lami, bawa likainama, likainuka, watu barabarani wakashika vichwa. Iliposimama Papa Barthélemy alishuka wa kwanza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya kushoto na kuweka sikio pale inapoungana na ubavu.

"Nimesikia," alimwambia Solange kwa sauti ya chini. "Kama vile kijiti kinavunjika. Leta dawa."

Lakini Evode alikuwa ameshafika. Huyu alikuwa msimamizi wa mwenye ndege, na mwenye ndege hakuna aliyewahi kumwona. Evode alikuwa na simu mbili, viatu visivyojua matope, na wanaume wawili wa bunduki waliokaa benchi kutwa nzima wakitafuna miwa. Alisema abiria wako tisa, mzigo umepimwa, Bukavu wanangoja, na mvua itashika saa nane. Mzee asaini.

"Sisaini," alisema Papa Barthélemy. "Nipatie saa moja."

"Saa iko wapi?"

"Basi sisaini."

Hakupandisha sauti, wala Evode hakupandisha. Aligeuza kidevu kidogo kuelekea benchi. Wale wawili waliinuka, wakamshika mzee viwiko kama watu wanaomsaidia mgonjwa, na alipojaribu kugeuka mmoja alimpiga kofi, miwani ikaanguka. Kila mtu aliona. Solange aliokota miwani. Mzee, akipakiwa kwenye pikipiki kwenda cachot, mahabusu ya pale, alimtafuta kwa macho yasiyoona vizuri.

"Gusa, sema," alisema. Pikipiki ikaondoka na mmoja wa wale walinzi.

Evode akamletea Solange kitabu cha ndege, kimefunguliwa, na kalamu juu yake.

"Weye ni stagiaire yake," alisema, kwa upole kabisa. "Uko na cachet, muhuri ya chuo, kwa karatasi yako. Saini hapa. Ukisaini, muzee anatoka sasa hivi, anakunywa chai yake. Usiposaini, sijue atatoka lini. Na weye dada, kwenu ni mbali, njia ni ya pori."

Hofu Solange alikuwa ameizoea, lakini ile ya vitabuni na ya mawinguni. Hii ilikuwa ya aina nyingine. Alishika kalamu. Alijua vizuri anachoombwa. Akisaini, mzee anatoka, na yeye mwenyewe anapanda, kwa sababu abiria wote watauliza, na wakiambiwa aliyesaini kabaki chini hawatapanda. Kama nguzo ni nzima, mambo yameisha. Kama si nzima, bawa litaachia juu ya msitu, na wataanguka watu tisa na rubani na yeye. Na huenda mzee alisikia kijiti tu. Masikio ya miaka sitini na saba yanasikia mengi.

Alitaka kusaini. Nisidanganye mtu: alitaka kusaini kwa moyo wote, yaishe.

"Nipatie nusu saa, papa," alisema. "Niangalie tu."

Evode alitazama mawingu, akatazama simu. Labda aliona msichana anayetetemeka hawezi kuharibu kitu. "Nusu saa."

Turubai lilikuwa limeshafunika mzigo, hakuna pa kujificha. Solange alileta makopo mawili mbele ya macho ya wote. Alipaka mawese mahali nguzo inapoungana na ubavu, akangoja. Akafuta. Akakoroga chaki, akapaka. Na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuzuia meno yasigongane, alifanya kama alivyofundishwa: aligusa na kusema. Nguzo ya kushoto, chini. Bolti ya kwanza, imekaza. Bolti ya pili, imekaza. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilisikika mbali, kwa sababu watu walikuwa wamenyamaza.

Alipogeuka aliona kwa nini wamenyamaza. Mpakiaji mmoja mzee, mtu wa msitu, alikuwa amevua kofia.

"Pembe," alisema mpakiaji.

Neno likatembea. Abiria walianza kuvuta mizigo yao kutoka kwenye gurudumu, polepole, kama mtu anayejiondoa mbele ya nyoka. Na hapo hapo, kwenye weupe uliokwisha kukauka, mstari mwekundu ukaanza kutokea. Mwembamba, uliopinda kidogo, kutoka kwenye bolti ya pili kwenda chini.

Solange aliupima kwa vidole. Mzee hakusikia kijiti; alisikia chuma.

"Inatoka damu!" mtu alipiga kelele nyuma. Mlinzi aliyebaki, kijana wa bunduki aliyemtisha mwezi mzima kwa kukaa tu, alifanya ishara ya msalaba na kurudi nyuma hatua tatu, macho yake si kwenye ndege bali kwa Solange. Alikuwa anamwogopa. Wote walikuwa wanamwogopa. Akaelewa, na wazo lenyewe likamtia baridi, kwamba akinyamaza tu, akisimama pale na mikono yake myeupe bila kusema neno, hakuna atakayepanda na hakuna atakayethubutu kumgusa. Ni kunyamaza tu. Jambo jepesi kama nini.

Akanyamaza. Mwandishi angependa kusema vingine, lakini alinyamaza.

Ila Evode hakuwa mjinga. Aliitisha ndoo ya maji na sabuni ya unga, akakunja mikono ya shati lake zuri, akachukua kitambaa na kuosha nguzo mwenyewe, mbele ya wote, mpaka chuma kikang'aa.

"Muone," alisema. "Dawa inaoshwa. Imeisha. Huyu mutoto alifundishwa uchawi na ule muzee, tutaongea naye kisha. Mwenye kuogopa asali Baba Yetu, tupande."

Na watu wakaanza kurudi. Hapo ndipo Solange alipoona alichokifanya kwa kunyamaza. Uchawi una dawa yake, unaoshwa, unaombewa. Ufa hauombewi. Kwa kuwaachia waamini pembe, alikuwa amewapa njia ya kuingia ndani ya ndege.

Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Mama Emérita, mchuuzi wa chumvi kutoka Pinga, mwanamke mnene wa sauti nzito. Binti yake alikuwa amepasuliwa tumbo Bukavu juzi, kila mtu pale alijua, kwa sababu alikuwa amemweleza kila mtu.

"Mutoto wangu iko ananingojea kule," alimwambia Solange usoni. "Na weye uko unacheza na madawa."

"Mama, haikuwa dawa," Solange alisema, na akajisikia neno likimkwama, maana mwezi mzima walikuwa hawaiiti vingine. "Ni dawa, lakini si ile... Mama, ni mawese. Mawese na petroli ya taa. Na ile nyeupe ni kre ya masomo. Nusa."

Akamsogezea kopo. Alilisogeza kwa haraka mno hadi mafuta yakamwagikia kwenye kitenge cha yule mama. Mama Emérita aliangalia kitenge chake, akaangalia kopo. Akachovya kidole, akanusa, akakigusa ulimini na kutema. Mawese aliyajua kuliko mtu yeyote pale.

"Ni mawese," akasema.

"Basi paka weye mwenyewe, mama. Kwa mukono yako. Miye nitakaa kule mbali, nitakuambia tu. Kama ni uchawi yangu, kwa mukono yako haitatokea kitu. Kama inatokea, avion imepasuka."

Evode alitaka kukataa, lakini abiria walikuwa wameanza kusema aache, mama apake, mama ni mtu wa kanisa. Solange alikwenda hatua ishirini, akasimama kando ya mlinzi, mikono nyuma ili wote waione. Hofu yake sasa ilikuwa imepata jambo jipya la kula: sabuni. Kama maji ya sabuni yaliingia ndani ya ufa, yangeweza kuzuia mawese yasipenye, chaki ingebaki nyeupe, na wangepanda wakiimba. Hakuwa na hakika. Papa Barthélemy hakumfundisha habari za sabuni.

Alielekeza kutoka kule. Kausha kwa kitambaa, mama. Kausha tena. Paka. Sasa ngoja. Mama Emérita alitoa rozari yake na kuhesabu nayo muda, midomo ikienda. Mawingu yalikuwa yameshafika juu ya kilima. Rubani, mtu wa Kinshasa aliyekaa muda wote huo kwenye kivuli akivuta sigara, alisema hana shida yoyote, kitabu kikiwa na sahihi yeye anaruka. Watu wa namna hiyo wapo kila mahali.

"Futa, mama. Yote. Sasa nyeupe."

Chaki ilikauka. Mama Emérita aliinama mpaka pua ikakaribia chuma. Hakuna kitu. Watu walikohoa, wakabadilisha mguu. Bado hakuna kitu. Evode alianza kutabasamu, akafungua kalamu. Solange alifumba macho, na kwa mara ya kwanza siku ile akaomba, na aibu ya ombi lenyewe ilikuwa kwamba aliomba bawa liwe limevunjika.

"Iko," alisema Mama Emérita.

Hakusema kwa nguvu. Aliweka kidole, na hakuna aliyemwambia aweke. "Iko hapa. Nyekundu. Inashuka, inapita hapa, inafika hapa." Kidole kilishuka na mstari. Kisha akakaa chini matopeni kando ya gurudumu na kulia, kwa sababu hakuna mtu pale aliyetaka chuma kile kiwe kizima kuliko yeye.

Mpakiaji mzee alikuja, akavaa kofia yake, akaweka kidole naye. "Imepasuka," akasema. Wengine wakaja. Mmoja mmoja waligusa, mmoja mmoja walisema.

Evode alimwita rubani awashe injini. Rubani akasema, "Kitabu." Evode akamgeukia Solange, na upole ulikuwa umemwisha.

"Saini."

Solange alipangusa chaki vidoleni. Alichukua kalamu. Aliandika mstari mmoja kwenye kitabu, akatia sahihi yake chini, kisha akageuza ukurasa mpaka penye nafasi tupu na kumpa Evode kitabu, kalamu juu yake, kama alivyopewa.

"Yangu nimesaini, haitaruka," alisema, na sauti ikamkatika katikati, akalazimika kuanza upya. "Kama papa Evode anasema itaruka, asaini hapa. Lakini mwenye kusaini anapanda."

Abiria tisa, wauza ndizi, mpakiaji, mlinzi mwenye bunduki, wote walimtazama Evode na kungoja, kwa adabu, kama watu wanaongoja padri afungue kitabu. Evode alishika kalamu. Aliitazama karatasi, akautazama mstari mwekundu ulioendelea kushuka taratibu. Alitoa simu ya kwanza, akaitazama, akatoa ya pili. Hakuna iliyolia. Tone la kwanza la mvua likaangukia kitabuni, akalifuta kwa kidole gumba. Kisha akaweka kitabu juu ya gurudumu, kalamu juu yake, akaenda kwenye gari lake bila kumtazama mtu.

Wanaopenda mashujaa watafute hadithi nyingine. Solange alizunguka nyuma ya mkia wa ndege na kutapika mpaka hakuna kilichobaki.

Siku mbili hakutoka nyumbani kwa Mama Nyiraneza. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje aliidhani imekuja kumchukua. Alilala na viatu mguuni. Mama Emérita alikuwa ameondoka kwa barabara, juu ya lori la mbao, njia ya siku nne au sita.

Jumamosi asubuhi Papa Barthélemy alirudi. Hakuachiwa kwa huruma: ndege iliyovunjika inahitaji mtu anayeijua, na Evode hakuwa na mwingine. Jicho moja lilikuwa limevimba likafunga. Solange alimpa miwani, mzee akaivaa juu ya uvimbe, akaenda kwenye nguzo ya kushoto. Mvua ilikuwa imeosha chaki yote. Aliweka kidole palepale, akapapasa kwa ukucha.

"Bolti ya pili," alisema. "Ufa. Vidole viwili."

"Vidole viwili na nusu, papa."

Mzee aligeuka kumtazama kwa jicho lake moja. Akafungua kitabu cha ndege na kusoma mstari wake, taratibu, akisogeza midomo. *Nguzo ya kushoto, chini, bolti ya pili: ufa. Isiruke.* Na sahihi yenye herufi zilizoparazwa, ya mtu aliyeandika huku anatetemeka.

"Evode atarudi," alisema mzee.

"Najua, papa."

"Uliacha kuogopa?"

"Hapana. Imeongezeka."

Mzee alinyoosha mkono. Solange hakuelewa mpaka aliporudia, vidole vikipapasa hewani kwa kukosa subira. "Karatasi."

Aliitandaza juu ya gurudumu. Kwenye nafasi ya maoni, ambapo wengine huandika mistari mitano ya sifa, aliandika maneno mawili: *Anajua kuogopa.* Chini yake akaandika jina lake lote, na digrii yake ya zamani ambayo Solange hakuwahi kuisikia akiitaja, akasaini, akafunga kalamu. Mkono wake ulikuwa mzito, ilimchukua muda.

"Haya," alisema, akimrudishia. "Na miye nimepanda."